Shavu la Bi Kiganja

Kwenye ukuta wa kiwanda chetu cha magodoro zimebandikwa sheria kumi na nne, na ya kwanza kabisa, juu hata ya ile ya kuvuta sigara, inasema: NI MARUFUKU KULALA KAZINI. Mgeni akiisoma hucheka. Sisi hatucheki. Hebu shinda saa tisa katikati ya magodoro mia nane, na umetoka nyumbani kabla jua halijachomoza, halafu uniambie mwili wako unakunong'oneza nini. Katika miaka yangu ishirini na miwili pale nimeona watu saba wakifukuzwa kwa kulala. Aliyefukuzwa kwa kuiba sijamwona bado.

Mimi nashona utepe. Godoro likishavalishwa kava, mashine yangu ndiyo inayozunguka pembeni na kuufunga ukingo, juu na chini, na hapo ndipo sponji inakuwa godoro. Kwa hiyo wananiita Utepe. Nilikuwa pia mwakilishi wa wafanyakazi, kazi isiyo na malipo wala shukrani, niliyopewa kwa sababu nina mdomo. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba mtu ninayemzungumzia hapa sikusimuliwa habari zake. Nilikunywa naye chai meza moja miaka yote hiyo, na kuna siku nilitamani kumnasa kibao.

Tulimwita Bi Kiganja. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye orodha ya mishahara tu, na karani mpya akilisoma kwa sauti tulikuwa tunaangaliana kuuliza ni nani huyo. Kazi yake ilikuwa hivi. Sponji inaanza ikiwa dawa za maji zinazomiminwa kwenye mfereji mrefu. Zinaumuka kama unga uliotiwa hamira, na kwa dakika chache unakuwa na bonge refu kuliko lori. Bonge hilo lina moto ndani. Linapelekwa bohari ya kupozea na kulazwa peke yake siku nzima, wala halisogezwi karibu na mwenzake, maana joto likikosa pa kutokea linaweza kuunguza kila kitu mpaka geti. Siku ya pili, kabla ya msumeno kulikata, anapita Bi Kiganja. Anakandamiza kwa mkono wa kulia, anasubiri kidogo, anaachia. Kisha anaandika kwa chaki: la juu, la kati, au rudisha.

Mashine ya kupimia ipo ofisini. Inataka ukate kipande, ukipeleke, usubiri nusu saa. Yeye alitaka muda wa kuvuta pumzi tu. Mwaka mmoja mashine ilisema bonge fulani ni zuri, yeye akasema lina shimo. Wakabishana naye mpaka wakachoka, wakalikata, wakakuta uwazi unaoingia kichwa cha mtu. Tangu siku hiyo mashine ilikuwa inawashwa wakaguzi wakija tu, na yeye akawa anatembea bohari ile kama mwenye nyumba.

Basi, tukaletewa kamera. Pamoja na kamera tukaletewa afisa utumishi mpya, kijana wa suti ya kubana na viatu vyenye ncha, ambaye alishinda ofisini akitutazama kwenye kioo kama mtu anayefuatilia mpira. Wiki ya tatu akaniita, kwa kuwa mfanyakazi hashtakiwi bila mwakilishi wake. Akanionyesha picha. Bi Kiganja yuko bohari ya kupozea. Anatazama kushoto, anatazama kulia, kisha anainama na kulaza shavu juu ya bonge la sponji. Anafumba macho. Anakaa hivyo, anainuka, anaandika kwa chaki, anakwenda bonge linalofuata. Analaza shavu tena.

"Mara tisa kwa siku moja," kijana akasema. "Mara tisa, dada! Huyu si mchovu, huyu ana malale."

Nilishuka ngazi mbio, maana nilijua anachoweza kupoteza. Alibakiwa na miezi kumi na minne tu astaafu. Na kiwandani kwetu anayestaafu hupewa godoro. Wengine watasema ni kitu gani hicho, lakini wajue kwamba sisi tunaoyatengeneza hatuyalalii. Mfanyakazi hulalia godoro la chengachenga, lile la vipande vilivyobaki vikagandishwa kwa gundi: hapa pagumu kama kizingiti, pale pamebonyea. Mume wa Bi Kiganja alibeba mifuko ya saruji miaka thelathini, na mgongo wake uliisha kabla yake. Kila alipolalamika, mkewe alimwambia, "Vumilia, baba. Nakuletea la juu, na nitalichagua mwenyewe." Tuliijua ahadi hiyo kiwanda kizima. Mume mwenyewe alikuwa akihesabu miezi kuliko yeye.

Nilimkuta Bi Kiganja akifuta chaki mikononi.

"Umekamatwa," nikamwambia. "Wana picha zako tisa. Niambie ulikuwa unafanya nini, nijue pa kukutetea."

"Nililala."

"Usinitanie, shoga."

"Nililala, Utepe. Usingizi ulinizidi."

Nilimtafutia maneno. Nikamwambia aseme alikuwa anaumwa kichwa, aseme alikuwa anasali, aseme hata kwamba alikuwa anaisikiliza sponji, maana kwa sifa alizokuwa nazo wangemwamini. Akatikisa kichwa tu. Mbele ya meneja na yule kijana alirudia neno lile lile kwa macho makavu, akasaini onyo la mwisho. Akionekana tena, anaondoka bila kiinua mgongo na bila godoro. Mimi niliyekuja na hotuba yangu nzima nilibaki nimekaa kama mzigo. Tulipotoka nikampa kisogo, na siku tatu sikumsemesha.

Siku ya nne tulikuwa kwenye foleni ya chai. Vikombe vyetu ni vya bati, na mpishi wetu humimina chai inayochemka bila huruma, kwa hiyo kila mtu hubeba leso au hushika kikombe kwa upindo wa nguo. Bi Kiganja alikuwa mbele yangu, akigeuka kuzungumza na mtu. Alikikumbatia kikombe kwa mkono wa kulia, kiganja kizima, na akaendelea kuzungumza. Akacheka. Akafika mezani, akakaa, bado amekikumbatia. Mimi nilikuwa nimekwisha weka changu chini mara mbili huku napuliza vidole.

Nilimpokonya kikombe. Kiganja kilikuwa chekundu, na ngozi imeanza kuinuka.

Akautazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine. Kisha akautia mfukoni mwa aproni, upesi, akaangalia nani ameona.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Vilianza vidole. Mwaka wa juzi. Kisha ukafa wote mpaka hapa." Alionyesha kifundo. "Daktari anasema mishipa ya fahamu imechoka, hairudi."

"Na kule bohari?"

"Shavu linasikia. Linasikia vizuri kuliko mkono ulivyokuwa ukisikia, wallahi. Lakini lazima nifumbe macho, la sivyo nasikia sponji na kelele pamoja."

Hasira zote ziliniyeyuka, nikabaki na aibu. Huyu mtu alikuwa hajalala hata dakika moja. Alikuwa akifanya kazi yake, na amesaini kwamba ni mvivu.

"Mbona hukusema? Wangekuelewa."

"Nikisema mkono umekufa, kesho yake nashona lebo na wasichana wapya. Na wataniita nani, Utepe? Hebu niambie. Wataniita nani?"

Alikunywa chai yake kwa mkono wa kushoto, na mimi, mwenye mdomo, nikanyamaza.

Lakini kunyamaza si kukaa bure. Siku ile ile niliwaambia wapakiaji kwamba magodoro yaliyokamilika yasimamishwe bohari ya kupozea, upande wa mlango, kwa sababu kwangu pamejaa. Si kweli kwamba palijaa. Magodoro yakisimamishwa manne-manne yanafika urefu wa mtu na nusu, na kamera ile ilibaki ikitazama maua ya kava. Yule kijana alilalamika mara moja. Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikamwambia ni suala la usalama, na neno usalama kwa watu wa ofisi halina jibu. Nyuma ya ukuta ule Bi Kiganja alilaza shavu lake kwa miezi kumi na minne. Hakuna godoro hata moja lililotoka kwenye bonge alilopima likarudishwa na mteja. Nalisema hili kwa wale watakaofikiri tulikuwa tunawaibia watu usingizi wao.

Siku ya kuagwa ikafika.

Sasa nieleze desturi yetu, maana ndipo mambo yalipokwama. Anayestaafu hapewi godoro mkononi. Mtunza stoo hupanga magodoro sita kwa mstari, kila moja juu ya meza yake, kava moja, maua yale yale, hayana lebo. La juu ni moja tu. Mengine ni mchanganyiko, na hairuhusiwi kuinua. Anayestaafu anapita, anachagua, na alichochagua ndicho anachokwenda nacho. Ni utani wetu wa kumuaga mtu: tuone kama miaka yote hiyo alikuwa anajifunza au alikuwa anapokea mshahara tu. Mwaka uliotangulia dereva alichagua jepesi kuliko yote akalisifia, tukakosa mbavu.

Yote sita nilikuwa nimeyashona mimi. Asubuhi ile nilimfuata chooni.

"La nne kutoka mlangoni," nikamnong'oneza.

"Sikukuuliza."

"Shoga, kava ni nene. Mkono ule..."

"Ukinichagulia wewe, mimi nitakuwa nimechagua nini? Nitaweka shavu kidogo, kama nanusa upya wake. Watadhani natania."

Lilikuwa wazo zuri. Lingefaulu kabisa kama si yule kijana wa suti. Watu wamejaa ukumbi, simu zimeinuliwa kupiga picha, mume wake kakaa kiti cha mbele na shati jipya, meneja kamaliza hotuba. Bi Kiganja anasogea meza ya kwanza, na kijana, akitaka naye aonekane mcheshi, akapaza sauti: "Mama, leo chagua tu, usije ukalala!"

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Hata meneja alicheka. Mume wake alicheka pia, kwa kufuata wengine, kwa kuwa nyumbani habari ya onyo haikufika. Mimi nilimwona Bi Kiganja akisimama wima kidogo, na nikajua kwamba shavu halitagusa kitu siku ile.

Akaunyoosha mkono wa kulia. Alikandamiza la kwanza, akasubiri, akaachia, kama alivyofanya miaka ishirini na tisa. Akaenda la pili. La tatu. Alipofika la nne nilikohoa, nakiri, na yeye aliniangalia kwa jicho ambalo lingetoboa bati. Akaendelea mpaka la sita. Kisha akarudi, polepole, akasimama mbele ya la pili na kuliwekea kiganja.

"Hili."

Lilikuwa la hovyo. Katika yale sita lilikuwa la tano kwa ubora, na lile la sita angalau halikujifanya zuri. Mtunza stoo, aliyeyapanga kwa mikono yake, alifungua kinywa. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Nilimkanyaga mguu kwa uzito wangu wote, na mimi si mwembamba.

"Amepata!" mtunza stoo akapiga kelele, machozi yakimlenga. "Bi Kiganja amepata!"

Watu walipiga makofi mpaka vumbi likashuka kwenye paa. Mume wake alisimama, akashika kiuno, akampungia kila mtu mkono. Nami nilipiga makofi. Nilijisikia vibaya sana, na nilipiga kwa nguvu zaidi ili nisijisikie.

Sikwenda kwake mwezi mzima. Nilijiambia nina kazi nyingi. Nilipokwenda hatimaye, nilimkuta mume uani, kashika ukuta kwa mkono mmoja, anajinyoosha kidogo kidogo kama mtu anayekunjua mkeka mkavu. Alinichangamkia.

"Shemeji! Karibu! Umekuja kuona godoro letu? Majirani wote wamekuja kuliona. Nawaambia, hili limechaguliwa na Kiganja mwenyewe."

"Na mgongo, shemeji?"

"Mgongo ni uzee. Godoro halina kosa."

Ndani, mkewe alifunga mlango wa chumba, akakaa ukingoni mwa kitanda. Godoro lilizama mpaka nikasikia mbao.

"Mlinipigia makofi ya bure," alisema.

"Umejua lini?"

"Jioni ile ile. Nililaza shavu." Aliipapasa shuka kwa mkono wa kushoto. "Kila asubuhi anaamka anashika ukuta, na kila asubuhi anamsimulia mtu jinsi nilivyochagua. Nimwambie nini? Na kiwandani nirudi niseme nini, kwamba mnibadilishie?"

Nilimwonea huruma, na kwa kuwa huwa sijui la kufanya na huruma, nikamgombeza. Nikamwambia kiburi chake kimemfikisha hapo. Akakubali. Kukubali kwake kuliniuma kuliko angenijibu.

Njiani kurudi ndipo lilipokuja wazo, na nilishangaa limechelewa hivyo. Mimi ni mshona utepe. Mimi ndiye ninayefunga magodoro. Ninachokifunga naweza kukifungua.

Jumamosi iliyofuata nilinunua sponji ya juu, tupu, bila kava, kwa bei ya mfanyakazi. Dereva wa gari la kiwanda, yule yule aliyechagua jepesi na ambaye bado huitwa kwa kibarua, aliikunja, akaifunga kamba na kunishushia mlangoni bila kuuliza, kwa kuwa naye ana yake ninayoyajua. Mume alikuwa amekwenda kunyoa. Kwa kinyozi huyo kunyoa ni robo saa na kusoma magazeti ya watu ni saa tatu, kwa hiyo tulikuwa na nafasi.

Nilifumua utepe wa juu pande tatu. Tukaivuta ile sponji mbovu, tukaiegemeza ukutani sebuleni kwa muda. Tukaikata kamba ya ile nyingine, ikajikunjua yenyewe chumbani kama iliyokuwa inamsubiri mtu. Kuivalisha kava bila mashine ni mieleka. Tulivuta, tukasukuma, tukakaa juu yake, tukacheka kama wasichana wa lebo. Kisha nikatoa sindano mbili za kupinda, nikampa moja. Nikaanza pembe ya huku, yeye pembe ya kule, tukawa tunashona kuelekeana.

Nilikuwa nimefika nusu ya upande wangu nilipoona kwenye utepe mweupe, upande wake, kitone chekundu. Kisha kingine. Vilikuwa vimefuatana kwa mstari, kila baada ya mishono minne au mitano.

"Hii damu ya nani?" akauliza. Alikuwa ameiona wakati ule ule.

Hakungoja jibu. Aligeuza mkono wake wa kulia, akaona vidole vimetobolewa kila mahali, akaendelea kuvitazama. Katika kujuana kwetu kote sikuwahi kumwona akilia, wala siku ile hakulia. Alisema tu, "Kumbe mkono umekwenda kweli," na akahamishia sindano mkono wa kushoto.

Tulikuwa tunafunga fundo la mwisho mlango wa mbele uliposikika. Sponji mbovu, kubwa kama mlango wenyewe, bado ilikuwa imeegemea ukuta wa sebule. Hapakuwa na pa kuificha. Tulisikia hatua za mume zikiingia, zikisimama, kisha zikiizunguka na kuja chumbani. Alikuwa amenyolewa upande hadi upande, mafuta yanang'aa.

Macho yake hayakwenda kwenye godoro. Yalikwenda kwenye vidole vya mkewe. Akatoa leso mfukoni, akaichana vipande, akamfunga kidole kimoja kimoja pale palipostahili. Kisha akakaa, akajilaza kwa uangalifu, miguu ikabaki nje kwa sababu ya viatu. Akavuta pumzi ndefu.

"Mnaona?" akasema akiitazama dari. "Nilisema litalainika likizoea. Kiganja hakosei."

Bi Kiganja aliinama, akalaza shavu karibu na bega lake, akafumba macho.

Niliona ni wakati wangu wa kuondoka. Mume aliinuka, mara hii bila kushika ukuta, akanisindikiza hadi sebuleni na kulivuta pazia la chumba nyuma yake.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "huu ni mwaka wa tatu mimi ndiye ninayepoza maji yake ya kuoga. Naamka kabla yake, nayapoza, narudi kulala. Yeye anadhani ndoo ya asubuhi huwa hivyo. Usimwambie."

"Na siku ile ukumbini?"

"Nilikaa kiti cha mbele. Niliona ulivyomkanyaga yule bwana." Alitabasamu, kisha akaishika ile sponji mbovu upande mmoja na kunionyesha nishike wa pili. "Ondoka na hii. Na akikuuliza, mimi sikuiona."